Ukuta Umenyooka, Mzigo Umenyooka, Ufa Umekwenda Mshazari: Mkazo na Mikato Yake

Tangu ghorofa la Kariakoo liporomoke Novemba 16, 2024, simu yangu imegeuka zahanati ya kuta. Ndugu, jamaa na watu nisiowafahamu wananitumia picha: ufa juu ya lenta, ufa chini ya ngazi, ufa mwembamba kama unywele ukutani chooni, wakiuliza kama wahame usiku huohuo. Nyingi ni nyufa za plasta iliyokauka haraka, na jibu langu huwa ni wanywe chai walale. Lakini kuna aina moja inayozua ubishi kila mara, nayo ni ule ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda mshazari kuelekea dari.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliniita kuutazama wa kwake. Fundi wake alikuwa ameshafika na mwiko mkononi. "Injinia, hiyo plasta tu, nawekea niru inaisha." Mwalimu hakuridhika, akauliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu aliyefundisha Kiswahili miaka yote. "Mwanangu, bati linashuka wima. Msingi umelala. Tofali zimepangwa kwa pima maji. Humu ndani hakuna kitu chochote cha mshazari. Sasa huu mshazari umetoka wapi?"

Jibu la swali hilo ni somo zima ambalo wanafunzi wa uhandisi huliogopa kwa sababu hufundishwa likiwa limevaa fomula kuanzia kichwani hadi miguuni. Wanaliita kugeuza mkazo bapa. Jina linatisha, ila kiini chake unaweza kukipata ukiwa na kisu, muhogo na kipande cha chaki.

Tuanze na maneno. Mzigo ni nguvu yote inayokiangukia kitu. Mkazo ni nguvu hiyo ikigawanywa kwa eneo linaloibeba, ndani ya kitu chenyewe. Mtu wa kilo 60 akivaa kandambili anapita kwenye tope, akivaa kiatu cha kisigino kirefu anazama. Mzigo ni uleule, eneo limebadilika. Kipimo chake ni megapaskali, ambayo ni newtoni 1 juu ya kila milimita ya mraba. Newtoni 1 ni kama uzito wa kitu cha gramu 100, tuseme embe dogo, kwa hiyo piga picha ya embe dogo lililosimama juu ya kinukta cha milimita 1 kwa milimita 1.

Mkazo una tabia tatu. Unaweza kuvuta, ukataka kutenganisha. Unaweza kubana. Na unaweza kukata, yaani kufanya upande mmoja uteleze kando ya mwenzake kama makali mawili ya mkasi, au kama karata za juu unapozisukuma kwa kiganja na za chini zikabaki mezani. Nitauita mkazo wa kukata, kwa sababu ya huo mkasi.

Neno bapa nalo halina fumbo. Bati, ganda la tanki la maji au ukuta wa tofali ni vitu vyembamba, na hakuna anayeusukuma uso wake. Mikazo yote inakwenda ndani ya bapa hilo, kushoto kulia na juu chini, na kwenye uso ulio wazi mkazo ni sifuri. Basi.

Sasa shika kisu. Mwaka 1822 Mfaransa Augustin-Louis Cauchy aliwasilisha mjini Paris wazo ambalo ukilisikia leo utasema hata mimi ningelifikiria: ukitaka kujua kinachoendelea ndani ya kitu, kikate kwa kisu cha kufikirika, kisha uulize upande huu unaushikaje ule. Jambo lenye utamu ni kwamba kisu hicho unaweza kukielekeza utakako, na kila ukikigeuza unapata jibu jipya, ingawa kitu hakijaguswa.

Chukua fimbo ya chuma inayovutwa kwa mkazo wa megapaskali 100. Ukikata kama unavyokata muhogo, wima kabisa, uso wa mkato unavutwa kwa 100 na hakuna kuteleza kokote. Kata sasa mshazari, nyuzi 45. Hapa wanafunzi wengi hujikwaa, na mimi nilijikwaa hadharani mbele ya darasa. Wanasema nguvu imeinama, kwa hiyo tunaizidisha kwa 0.707, jibu ni 70.7. Siyo. Tazama muhogo uliokatwa mshazari: uso wake ni mrefu kuliko ule wa mkato wima. Nguvu iliyopungua imegawanywa kwa eneo lililoongezeka, kwa hiyo mkazo unapungua mara mbili. Jibu ni 50. Na zile nguvu zilizobaki hazikupotea. Zinalala juu ya uso wa mkato na kuutelezesha, nazo ni 50 vilevile. Fimbo uliyodhani inavutwa tu, ndani yake kuna mkasi unaofanya kazi kimyakimya.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "mkazo hapa ni 100", muulize: kwenye mkato gani? Mkazo wa mahali pamoja hauna namba moja, una namba kwa kila mwelekeo wa kisu. Usidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba kugeuza mkazo ni kugeuza kitu au kubadilisha mzigo. Fikiria bati la migongo. Pitisha kiganja kufuata mfereji, huhisi kitu. Kipitishe kukatiza migongo, unahesabu tuta moja baada ya lingine. Kipitishe mshazari, matuta yapo lakini yamelegea. Bati ni lilelile. Kilichobadilika ni njia ya mkono. Bati hilo pia lina njia mbili za pekee, ile laini kabisa na ile yenye matuta makali kabisa, na njia hizo zinakatana kwa pembe mraba. Mkazo nao uko hivyohivyo. Kila mahali ndani ya bapa kuna mielekeo miwili inayokatana kwa pembe mraba ambako mkasi hulala usingizi, ukabaki kuvuta au kubana peke yake. Mmoja una mvuto mkubwa kuliko yote, mwingine mdogo kuliko yote. Hiyo ndiyo mikazo mikuu.

Turudi ukutani kwa mwalimu, kwa njia ya kitambaa cha mkononi. Kitandaze mezani, kiwe mraba. Shikilia ukingo wa chini, halafu sukuma ukingo wa juu kwenda kulia. Humo hukuvuta kona yoyote. Umetelezesha ukingo mmoja juu ya mwingine tu. Lakini angalia kinachotokea katikati: mikunjo inajitokeza, na yote imelala mshazari, kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Ulalo mmoja wa mraba umerefuka na nyuzi zinalia, ulalo wa pili umefupika na kitambaa kimejikunja. Kukata, kukitazamwa kwa jicho lililoinama nyuzi 45, ni kuvuta upande mmoja na kubana upande mwingine. Hakuna mshazari ulioletwa kutoka nje. Ulikuwamo tangu mwanzo.

Chaki inasema hivyohivyo kwa sauti. Ishike ncha zote mbili, ivute (inahitaji vidole vya fundi) na itakatika bapa, kama imekatwa kwa kisu. Chukua nyingine, isokote kama unayekamua nguo, bila kuikunja. Itakatika, lakini tazama mdomo wa kipande: umezunguka kama ngazi za mnara wa msikiti, ukipanda kwa nyuzi kama 45. Kusokota huleta mkazo wa kukata, na ndani ya kukata mna mvuto wa mshazari. Chaki ni kitu kikavu, hustahimili kubanwa lakini mvuto unaishinda haraka, kwa hiyo inapasuka pale mvuto unapozidi. Mfupa nao husema vilevile: mchezaji ambaye mguu umekwama kwenye nyasi huku kiwiliwili kikigeuka huvunjika mfupa wa muundi kwa mzunguko, na daktari akiitazama eksirei anajua ulisokotwa hata kabla hajasimuliwa.

Lakini, na hapa ndipo watu hukariri vibaya, si kila kitu kikisokotwa hukatika mshazari. Sokota kipande cha chuma laini kwenye mashine ya maabara mpaka kikatike, utakuta uso wake ni bapa. Mikazo ni ileile ya chaki. Tofauti ni kwamba chuma laini hakiogopi mvuto. Kinachokishinda ni kuteleza, na kuteleza kukubwa kuliko kote kuko kwenye mkato wa wima. Mzigo hupanga kila mkato upate nini, halafu kitu chenyewe huchagua mahali pa kufia.

Zege liko upande wa chaki. Nguvu zake za kustahimili mvuto ni kama sehemu 1 ya 10 ya zile za kustahimili kubanwa, ndiyo maana tunaweka nondo. Na mafundi wetu wanajua jambo ambalo wengi wao hawajawahi kuelezwa sababu yake: ringi za bimu, vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo, hubananishwa karibu na nguzo na kuachanishwa katikati. Katikati ya bimu kinachotawala ni kupinda, nyufa husimama wima, nondo za chini zinazishika. Karibu na nguzo kinachotawala ni kukata, na kukata, kama tulivyoona kwenye kitambaa, ni mvuto wa mshazari. Nondo za chini haziufikii ufa unaopanda mshazari katikati ya kimo cha bimu. Ringi zinaufikia, kwa sababu zinasimama na kuukatiza. Fundi anayezipunguza hapo ili kubana matumizi ameondoa hasa kile kilichowekwa kwa ajili ya mkazo asiouona.

Sasa namba kidogo, na naahidi ni ukurasa mmoja wa daftari. Tuseme kipande cha ganda jembamba kinavutwa kwa 50 kushoto na kulia, kinabanwa kwa 10 juu na chini, na kingo zake zinatelezeshwa kwa 40. Mtu wa haraka ataona namba kubwa ni 50, atanunua kitu kikavu kinachovumilia mvuto wa 60, atalala akijua yuko salama. Subiri kwanza.

Kubana tunakuandika kwa alama ya kutoa, kwa hiyo tuna 50 na −10. Nusu ya jumla yao ni 20. Nusu ya tofauti yao ni 30. Chora pembetatu mraba yenye mguu wa 30 na mguu wa 40, huo wa pili ukiwa mkazo wa kukata. Upande mrefu ni 50, ile pembetatu ya 3, 4, 5 ya darasani. Sasa toka kwenye 20 uende juu kwa 50, unapata 70. Rudi kwenye 20 ushuke kwa 50, unapata −30. Mvuto mkubwa kuliko yote ni 70. Haukuandikwa popote kwenye swali, hakuna aliyeupima, na ndio utakaopasua kile kitu cha 60. Kisu kinachoufichua kimeinama kama nyuzi 26 na nusu tu kutoka mkato wa wima. Na mkazo mkubwa wa kukata si 40 tena, ni ule upande mrefu wenyewe, 50.

Jikague hivi: 50 ukijumlisha na −10 unapata 40, 70 ukijumlisha na −30 unapata 40. Jumla haibadiliki hata ukigeuza kisu siku nzima. Mwanafunzi akinipa jibu ambalo jumla imehama, sihitaji kusoma hesabu yake.

Hiyo njia ya "toka katikati, nenda juu, shuka chini" ni duara lililojificha. Aliyelifanya liwe chombo cha kazi ni Mjerumani Otto Mohr, mhandisi wa reli na madaraja aliyegeuka mwalimu, akafundisha Stuttgart na kisha Dresden. Mwaka 1882 alionyesha kwamba mikato yote, kwa pembe zote, inakaa juu ya duara moja: kitovu ni nusu ya jumla, nusu kipenyo ni ule upande mrefu wa pembetatu. Kabla ya kikokotoo, mtu mwenye bikari na rula alipata jibu kwa dakika chache. Binafsi naona bado ni njia bora kuliko kukariri fomula, kwa sababu duara halikuruhusu kusahau alama bila kukuaibisha.

Kinachowachanganya watu kwenye duara la Mohr ni kwamba ukigeuza kisu nyuzi 45, kwenye duara unatembea nyuzi 90. Walimu wengi husema "ndivyo fomula ilivyo", na mwanafunzi anatoka na imani badala ya elimu. Sababu ni rahisi. Kata muhogo, halafu geuza kisu nusu mzunguko, nyuzi 180. Unakata wapi? Palepale. Kwa hiyo nusu mzunguko wa kisu umerudisha kila namba mahali pake, na duara lazima liwe limemaliza mzunguko wake mzima. Mara mbili imetoka hapo.

Kuna kosa moja ambalo hata wahandisi waliohitimu hulifanya, nalo linatoka kwenye lile neno bapa. Chukua mtungi wa gesi, tuseme nusu kipenyo milimita 150, unene wa ganda milimita 3, msukumo wa ndani megapaskali 0.9. Mkazo unaozunguka mtungi ni msukumo mara nusu kipenyo gawanya kwa unene, yaani 45. Mkazo wa kufuata urefu ni nusu yake, 22.5. Ukichora duara la Mohr la hizo mbili, mkazo wa kukata unatoka 11.25 tu, kitu kidogo. Lakini uso wa nje wa ganda una mkazo wa sifuri, na sifuri nayo ni namba inayohesabiwa. Kisu kikiinama kupita unene wa ganda, kati ya 45 na sifuri, kukata kunafika 22.5, mara mbili ya ulichopata. Bapa maana yake mkazo wa upande wa tatu ni sifuri. Haina maana kwamba upande wa tatu haupo.

Zile 45 na 22.5 pia zinaeleza kitu ulichokiona kwenye kikaango. Soseji ikikaangwa hupasuka kwa urefu, haikatiki kama pete. Ngozi yake inavutwa mara mbili zaidi kwa kuzunguka kuliko kwa urefu, kwa hiyo inaachia pale mvuto ulipo mkali, na ufa siku zote hukatiza mvuto unaoufungua.

Kanuni hiyo ya ufa kukatiza mvuto ndiyo niliyoitumia kwa mwalimu. Nilimwomba fundi chaki, nikachora mstari unaokatiza ufa kwa pembe mraba, nikauendeleza chini. Upande mmoja wa nyumba ukizama na mwingine ukabaki, ukuta unateleza kama kitambaa chetu, mvuto unalala mshazari kushuka kuelekea upande uliozama, na ufa unaukatiza. Huanzia kona ya dirisha kwa sababu tundu lenye kona kali hukusanya mikazo. Kwenye tofali hupanda kama ngazi, kwa vile chokaa na saruji ya maungio ni dhaifu kuliko tofali. Si kila ufa wa mshazari ni wa msingi kuzama, na udongo mweusi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi unaweza kuuchezesha ukuta huku na huku mpaka mistari ikakupotosha. Lakini ufa ule ulikuwa mmoja, mpana juu na mwembamba chini, ukielekeza mahali pamoja.

Mstari wa chaki ulishuka ukafika kwenye kona ya bafu. "Huko ni mbali na dirisha, Injinia," fundi akasema, lakini alikuwa ameshachukua sururu. Nusu mita chini ya sakafu ya nje udongo ulikuwa uji. Bomba la plastiki la maji safi lililopita hapo lilikuwa limepasuka, hatujui tangu lini. Fundi alilinyanyua, akalifuta matope kwa kiganja, akamwonyesha mwalimu mpasuko ulivyokwenda: kwa urefu, karibu kiganja kizima, kama soseji.